Tuliishi Chini ya Nyumba Yetu

Papa Gloria alipokufa, mwezi wa pili uliopita, niliwakalisha watu kwenye salon, sebule yetu ya mbele. Ni jambo dogo, utasema. Nyumba ni yetu, salon ni yetu, mume ni wangu, watu wakalishwe wapi tena? Lakini nilipokuwa nimekaa pale chini kwenye godoro, mgongo ukutani, kitenge kimefungwa kifuani, nikiangalia viatu vya wageni vikiingia kimoja kimoja, nilianza kucheka peke yangu, na binti yangu Gloria akanishika bega akidhani akili imeanza kunitoka. Kisha akaingia Neema. Alikuwa mpangaji wetu wa kwanza, Mtanzania, zamani hizo. Siku hizi goti limemwisha, anatembea na fimbo, na alikuwa ametoka mtaa wa mbali, Evere, kwa basi, mvua inanyesha. Hakunipa pole ya kwao. Aliinama kwa shida, akaniwekea mdomo sikioni, akasema kwa Kiswahili changu, si chake: "Maman Gloria, umefisha." Halafu akakaa kando yangu, chini, na goti lake lile lile, akakataa kiti. Katika salon nzima ni sisi wawili tu tuliojua kwa nini alichagua neno hilo.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa nyumba. Miaka ya tisini mwanzoni, kabla vita haijafika kwetu Bukavu, nchi ingali inaitwa Zaïre. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma ya sekondari ambayo hapa Brussels hakuna aliyetaka kuiona, mtoto wa miaka miwili, na hasira. Hasira hiyo sikuja nayo, niliipata hapa. Tulinunua nyumba mtaa wa Laeken, ya matofali, nyembamba, ndefu kwenda juu kama mtu aliyebanwa katikati ya foleni. Banque ilitupa miaka ishirini ya kulipa. Deo, mume wangu, alisema kumi. Alitafuta kukodi miaka miwili kabla ya hapo, na kila alipopiga simu chumba kilikuwa huru mpaka mwenye nyumba asikie sauti yake. Ghafla kilikuwa kimechukuliwa. Siku moja aliweka simu chini akasema hatamwomba tena mtu mlango katika maisha yake. Namna ya kulipa kwa kumi ilikuwa rahisi kuieleza: ghorofa za juu tunapangisha, salon tunapangisha, sisi tunakaa jikoni. Na jiko, katika nyumba za zamani za hapa, liko chini ya ardhi nusu, dirisha lake liko sawa na njia ya waenda kwa miguu. "Dix ans, miaka kumi, tunakala chini," Deo alisema, "kisha tunapanda. Batu bengine banapanda mbele, banashuka kisha. Sisi hapana."

Ile salon nilisimama ndani yake kama bibi wa nyumba mara moja tu, kabla haijapata mpangaji. Ina cheminée, meko ya ukutani, ya marbre nyeusi, marumaru inayong'aa, dari imechongwa maua, na milango ya kioo inayofunguka pande mbili. Deo alikuwa ameazima kamera. Alinisimamisha mbele ya cheminée, mkono mmoja juu ya marbre, Gloria miguuni, akapiga picha, tukamtumia mama yangu Bukavu. Wiki iliyofuata Neema alileta masanduku yake, akapewa ufunguo, na mimi nikashuka ngazi. Tangu siku hiyo niliingia salon na ndoo tu.

Kule chini tulijua watu kwa viatu. Gloria alisimama juu ya kiti, pua kwenye kioo, akasema "huyu", "huyu", "huyu", na baada ya miezi michache alimjua mleta barua, alimjua bibi wa mlango wa pili na mbwa wake, alimjua Neema kwa visigino vyake vyekundu. Baba yake hakumjua vizuri kwa viatu, kwa sababu Deo alipita haraka mno. Mimi nilisafisha ofisi kuanzia alfajiri. Yeye alifanya kazi kwenye depo ya mizigo kuanzia mchana. Tulikutana ngazini. Mimi naingia, yeye anatoka, mtoto anapita toka mkono wake kuja mkono wangu kama mkoba, na maneno yetu ya ndoa yalikuwa: amekula, hajalala, anakohoa. Jumamosi nilisuka nywele Matonge, mtaa wa Waafrika, kwenye Galerie ya maduka, na Jumapili yeye alihamisha watu samani. Tuliongea kwa sufuria. Nilimwachia bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, zimefunikwa taulo. Nikikuta amekula yote, najua alichoka. Nikikuta amebakiza samaki upande mmoja, najua ameniwekea mimi. Nikikuta hajagusa, najua bado tumegombana. Kuna wiki nilimjua mume wangu kwa chakula tu. Sasa anapokosekana kabisa ninajikuta nafunua sufuria asubuhi, kuangalia.

Matonge walinipa jina: Propriétaire, mwenye nyumba. Wanawake wa pale kwenye Galerie, mikono imejaa nywele za bandia, waliniona nikiingia na koti langu moja na viatu vilivyofunguka mbele, wakaanza: "Propriétaire amefika! Mupishe, mupishe!" Mwingine: "Propriétaire, utununulie basi beignets, weye mutu ya nyumba tatu moja juu ya ingine!" Nilicheka nao. Sikununua beignets, hata andazi moja. Nilipotoka kwenda kutupa nywele nikasikia mmoja akisema nyuma ya pazia, bila ubaya, kama mtu anayesema hali ya hewa: "Anatia huruma. Anakala ku cave, chini ya ardhi, sawa viazi." Nilisimama na mfuko wa nywele za watu mkononi. Ningeingia nimpige, lakini alikuwa amesema kweli, na mtu akisema kweli unampigia nini?

Neema alikuwa mtu wa ofisi. Alichapa barua na kutafsiri kwa mfanyabiashara mmoja wa kwao, alinukia vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redio. Mwanzoni tuliogopana. Yeye alisema "samahani, naomba nipite", mimi nikasema "pita tu, iko njia". Alinisahihisha bila kujua ananisahihisha: nikisema "batoto", yeye anajibu "ndiyo, watoto". Nilimchukia kwa ajili ya chumba, ukweli ndio huo. Nilikuwa naosha dirisha lake, namwona ameketi mbele ya cheminée yangu, kikombe juu ya marbre yangu, anasoma. Alinilipa vizuri, kila mwezi, kabla ya siku. Hiyo nayo niliichukia.

Mama alianza kuugua mwezi wa nane. Simu za Bukavu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo dada yangu Furaha alivuka mpaka, akaenda Cyangugu upande wa Rwanda, akapiga simu toka posta ya kule. Simu yetu ilikuwa kwenye korido ya juu, ukutani, ili wapangaji nao waitumie. Nilisimama pale na ndoo yangu. Furaha alisema mama amekonda, tumbo limevimba, daktari wa kwanza amesema hivi, wa pili vile, na mama anauliza nitakuja lini. Nilishuka nikamngoja Deo ngazini. Makuta, yaani pesa, yalikuwepo. Mwaka mzima tulikuwa tumeyalundika, bila sinema, bila nyama, bila koti, na yalitosha tiketi na dawa na kubaki. Nikamwambia.

"Banque iko nakubali tutie makuta juu ya deni mara moja tu ku mwaka," Deo alisema. Alikuwa tayari na kofia kichwani. "Septembre. Tukikosa Septembre, ni kungoya tena mwaka muzima."

"Ni mama anagonjwa, Deo. Haiko banque."

"Ninajua. Lakini mama ako na nguvu. Tulipe kwanza, kisha tunaanza kuweka ya tiketi. Décembre unaenda, unakala naye Noël. Donc unamukuta amepona, munafurahi."

"Na kama hafike Décembre?"

"Usiseme vile," akasema, akanipa mtoto, akatoka. Nikaona viatu vyake vinapita dirishani, vinakimbilia tram.

Nimefikiria sana mazungumzo yale, sasa ambapo hayupo wa kunijibu. Hakunikataza. Hakupiga meza. Alisema "tulipe kwanza" kama mtu anayesema tule kwanza, halafu tutaoga. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu Décembre ilionekana karibu. Septembre tulilipa. Alivaa koti la harusi kwenda banque, akarudi na keki ndogo kwenye karatasi, akaiweka mezani, na kwa mara moja alikaa. Alisema kwa malipo haya tumekata mwaka na zaidi wa deni. Gloria alikula yote.

Furaha alipiga tena mwezi uliofuata, asubuhi ya Jumamosi, nilipokuwa navaa viatu kwenda Matonge. Alisema sentensi moja, kisha simu ikakatika, au aliikata, sijui, pesa zilikuwa zimemwishia au maneno. Nilibaki na chombo mkononi kikilia tuu, tuu, tuu. Neema akafungua milango ya kioo, yuko na gauni la nyumbani na mswaki.

"Vipi dada? Kuna nini?"

"Nimefisha mama," nikasema.

Akatoa mswaki mdomoni. "Umefanya nini?"

"Nimefisha mama yangu, Neema. Leo asubuhi."

Akarudi hatua nyuma. Kweli alirudi, akashika mlango. "Wewe? Umemfisha wewe? My God, kwa nini?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu Kivu mtu akifiwa na mzazi husema amefisha. Ni neno la kila siku, halina ubaya, wanalisema mapadri. Kwa Neema, aliyekulia Tanga, kufisha ni kuua. Alikuwa amesimama pale akiamini kwamba mwenye nyumba wake amemaliza mtu kule jikoni. Nikamwambia hapana, alikufa, alikuwa anagonjwa, ni Bukavu. Akashusha pumzi. "Oh, pole. Pole sana dada yangu. Umefiwa. Sisi tunasema umefiwa." Akanishika mikono. Na mimi nilimwangalia mdomo wake wenye povu la dawa ya meno nikawaza: kwao kifo kinamjia mtu, yeye amekaa tu. Kwetu mtu anakifanya. Nilisema lile neno toka utotoni, kwa majirani, kwa walimu, na sikuwahi kulisikia. Asubuhi ile nililisikia kama alivyolisikia yeye, na nikaona lake, umefiwa, si lile nililolihitaji. Langu lilikuwa na mtu ndani.

Deo alikuwa bado nyumbani, Jumamosi. Nilishuka nikamkuta anamlisha Gloria uji. "Tumefisha mama, Deo," nikamwambia, taratibu, neno moja moja. Aliacha kijiko. Alijua Kiswahili kimoja tu, cha kwetu, lakini aliusikia ule wingi. Alifunika uso kwa mikono, ile mikono yake iliyopasuka kwa maboksi, akalia kweli, alimpenda mama. Nisingeweza kusema hakulia. Ila alipomaliza, aliosha uso, akasema, "Bon. Batu batakala wapi?"

Maana watu watakuja. Ukifisha, hata ukiwa mwisho wa dunia, watu wanakuja kukaa na wewe: wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, chai, nyimbo, na sahani ya mchango kwenye kitambaa cheupe. Deo alipima jiko kwa macho. Alisema waingie kwa zamu. Alisema wengine wakae ngazini. Alikuwa anasema viti vitawekwa kwenye cave ya makaa, akishafagia, niliposikia visigino juu ya vichwa vyetu, na Neema akatokea kwenye ngazi, amevaa tayari, amefunga kanga kiunoni.

"Shemeji," akasema, "walete juu. Nimeshasukuma kitanda."

Deo akasimama. "Maman Neema, aksanti sana, lakini ile ni chumba yako. Na loyer..."

"Loyer nimelipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Njo nasema. Hatuwezi kukurudishia..."

"Nani kakuomba unirudishie?" Hajawahi kupandisha sauti, Neema, na hapo hakupandisha. "Chumba nimelipia, kwa hiyo ni changu. Ninamkaribisha ninayemtaka. Ninamkaribisha mke wako. Wewe pia ukitaka, utavua viatu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye salon yangu: mgeni wa mpangaji wangu. Walinitandikia godoro mbele ya cheminée. Mama mmoja wa chorale ya kanisa aliniosha uso, wale wa Galerie walifika na sufuria za wali na maharage, na hakuna aliyeniita Propriétaire. Neema aligawa chai siku mbili nzima kwa vikombe vyake mwenyewe, akiwaambia wageni "karibuni, jisikieni nyumbani", na wengine wakanishukuru mimi kwa kuwa na dada mwenye nyumba nzuri hivyo. Nililala pale chini, nikaangalia maua ya dari. Mama alikuwa ameniona nimesimama hapa, kwenye picha. Alijua mahali hapa kuliko mimi.

Jumapili jioni, watu wakianza kuondoka, nilikwenda kutafuta maji, na kwenye korido nikasikia Deo nyuma ya mlango wa cave anaongea na rafiki yake Papa Alphonse, wa depo. Sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. "Sahani imekuja muzuri, Alphonse. Mazishi kule itakuwa bamemaliza, tiketi sasa ya nini? Nikiyatia pamoja, Septembre tutapata hata miezi mbili juu." Na Alphonse: "Ah, mon frère. Ongea na bibi yako kwanza." Na Deo: "Atanielewa. Ni nyumba yake."

Nilirudi salon. Nikachukua sahani na kitambaa chake, mbele ya wote waliobaki, nikampa Neema. "Uniwekee," nikasema. "Hata nikikuomba mimi, usinipe mpaka uone tiketi." Deo alikuwa mlangoni. Akasema, "Chérie, tuongee." Nikasema kwa sauti ambayo hata bibi wa mlango wa pili aliisikia na mbwa wake: "Deo, hii haipandi ju ya nyumba. Ata franc moja. Hii ni ya mama, na kazi yangu ni ya mama, mupaka nifike. Nyumba ingoye. Mama alingoya." Neema alifunga kitambaa fundo, akakiingiza chini ya mto wake, akakaa juu.

Nilikwenda mwezi wa nne, na Gloria mgongoni. Mshahara wangu wote wa majira ya baridi nilikuwa namletea Neema. Kwa miezi ile sufuria ya Deo niliikuta haijaguswa mara nyingi kuliko imeguswa. Bukavu walinipeleka kwenye kaburi, udongo bado mwekundu, tukaondoa matanga kwa ndagala na pombe ya ndizi. Chumbani kwa mama, picha ilikuwa ukutani juu ya kitanda. Furaha alisema majirani walikuwa wanaletwa kuiona. Mama aliwaonyesha kwa fimbo: hii ni marbre, hiki ni kioo, mwanangu anakaa hapa. Halafu Furaha alisema kitu ambacho sikujua nikiweke wapi, na mpaka leo sijui: mama, siku zake za mwisho, alikataa niambiwe hali yake yote. Alisema, "Musimusumbue, ako na nyumba." Nilirudi Brussels. Sikuiona tena Bukavu ikiwa nzima.

Septembre ile hatukutia kitu juu. Hakukuwa na keki. Deo hakuniambia chochote kwa maneno, ila miaka ilivyopita, akiwa na furaha, kwenye harusi, kwenye ubatizo, akiwa amekunywa, alipenda kuwaambia watu: "Ningemaliza mu dix ans. Ni huyu mama alinichelewesha." Wakacheka. Tulipopanda hatimaye, Neema alikuwa ameshaolewa na kuhamia Evere siku nyingi. Deo alinunua makochi. Alikaa juu yake, akaweka kikombe kwenye marbre, akaniita nije nikae. Nilikaa. Tulikuwa hatujui la kuongea, tumezoea ngazi.

Na mwezi wa pili uliopita, kwenye matanga yake, Papa Alphonse alisimama kusema. Amebaki mfupi na mnyevu wa macho, Alphonse, lakini sauti bado ya depo. Alisifu kazi ya marehemu, alisifu imani yake, akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayepiga farasi. "Mutazame hii nyumba! Batu balipewa vingt ans. Deo yeye alilipa mu dix ans! Dix!"

"Onze," nikasema toka chini.

Alinigeukia. "Pardon, maman?"

"Mama, laisse, uache," Gloria akaninong'oneza.

"Onze ans, Alphonse, kumi na moja. Hesabu vizuri. Kumi ni yake. Moja ni ya mama yangu."

Wageni waliangalia viatu vyao. Neema alisogeza goti lake bovu likagusa langu, na pale tulipokuwa tumekaa, mgeni na mwenye nyumba, sikujua tena ni yupi, Alphonse akapanguza uso, akaanza upya: "Onze."